Mlinzi wa Lango Asiyepita Langoni

Kila siku aliporudi kutoka shuleni, Kengele alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma kumsalimia mama yake. Chumba hicho kilikuwa karakana. Palikuwa na meza ndefu yenye madoa ya rangi, taa ya shingo ndefu, visu vidogo vya kuchongea, vipande vya msasa, na kopo la gundi ambalo kifuniko chake hakikuonekana kamwe pale kilipotakiwa kuwa. Mama alikuwa fundi wa visanamu. Alichonga askari, farasi na mashine za kivita, vyote vidogo vya kusimama kiganjani, ili watu wavitumie katika mchezo wa vita wa mezani. Katika mchezo huo, watu wawili hupanga majeshi yao juu ya meza yenye nyumba na vilima vya kuigiza, hupima mwendo kwa rula, na hurusha dadu kuona nani ameshinda.

Jina la Kengele hakupewa na wazazi wake. Alipewa na shangazi yake, kwa sababu msichana huyo wa miaka kumi na miwili akinong'ona sebuleni, jirani huitikia.

Majuma hayo Mama hakuwa mtu wa kusogelewa. Alikuwa akichonga roboti kubwa kuliko kitu chochote alichowahi kuchonga. Ilikuwa na kimo cha birika, mabega mapana yenye miiba, ngumi kama matofali, na pembe moja katikati ya kichwa. Aliipa jina Mlinzi wa Lango. Ilikuwa nzuri kweli, lakini ilimtesa. Leo mguu umepasuka, kesho pembe imepinda, keshokutwa kidole kimepotea na nyumba nzima inapiga magoti kukitafuta chini ya makochi.

"Simama!" Kengele alimsikia Mama akiiambia roboti hiyo, kana kwamba ina masikio. "Simama, wewe! Nimekukosea nini?"

Siku moja Kengele alichungulia akasema, "Mama, mbona mkono wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia?"

Mama aliweka kisu chini. "Kaa hapa basi uchonge wewe," alisema. "Mimi nitaenda shule badala yako."

Tangu siku hiyo Kengele aliazimia kuufunga mdomo wake. Na kwa mtu mwenye mdomo kama wake, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Alhamisi alasiri Mama alitoka karakana akiwa ameibeba roboti kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Imekwisha," alisema. "Sasa sikiliza vizuri, mwanangu. Hii ndiyo ya kwanza, na iko hii moja tu. Jumamosi tutawaonyesha wachezaji pale kwa shangazi yako, kabla haijaanza kuuzwa. Jumatatu mtengeneza kalibu anakuja kuichukua. Akishatengeneza kalibu, basi tena. Kila roboti itakayotoka humo itakuwa kama hii, kwa uzuri wake na kwa kasoro zake."

"Ndiyo, Mama."

"Nataka uicheze leo na kesho, wewe na binamu yako. Ipandishe vilima. Ipitishe langoni. Itikise uone kama inasimama. Kisha uniambie kila kinachokukera. Mimi nimeitazama hadi siioni tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kengele aliipeleka sebuleni, kwenye meza yenye kilima cha maboksi na lango la mji ambalo Mama alilitengeneza zamani. Wachezaji wote walikuwa na lango kama hilo. Aliiweka roboti juu ya kilima. Ikaanza kuinama mbele polepole, kama mtu anayesinzia. Akaidaka, na mwiba wa bega ukamchoma kiganja. Akaisogeza mbele ya lango. Alitazama mabega, akatazama lango, akatazama tena mabega. Hakuijaribu.

"Unakuja au huji?" binamu yake, aliyeitwa Chura kwa kupenda kurukaruka, alipiga kelele kutoka uani. "Kamba inakungoja!"

Kengele alisimama akifikiri. Nikimwambia inainama, ataguna. Nikimwambia inachoma, atafoka. Nikimwambia haipiti langoni, hatutapata amani humu ndani hadi mwisho wa mwaka. Akaipandisha roboti juu ya kabati, akatoka mbio kwenda kuruka kamba.

Jioni Mama aliuliza, "Vipi?"

"Nzuri sana, Mama."

"Haianguki?"

"Wapi! Imesimama kama nguzo."

"Na langoni?"

"Inapita bila kugusa."

Mama aliegemea ukuta, akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi akatabasamu. Kengele akafurahi. Alijiona kama mtu aliyemletea mama yake zawadi. Ijumaa aliulizwa tena, akajibu yaleyale, na roboti ilikuwa bado juu ya kabati.

Jumamosi asubuhi walikwenda kwa shangazi. Mbele palikuwa duka la madaftari na kalamu, na nyuma palikuwa na ukumbi mdogo wenye meza pana za kuchezea. Wachezaji walikuwa wamejaa. Muuguzi wa hospitali alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa viatu vyake vyeupe. Alikuwa amepanga mezani jeshi lake lote, safu kwa safu. Kila askari alimpaka rangi kwa mkono wake mwenyewe siku zake za mapumziko. Upande wa pili alikaa fundi cherehani, mzee mpole mwenye miwani, aliyekuwa na mazoea ya kupima mwendo wa askari wake kwa tepu yake ya kupimia nguo. Yeye ndiye aliyechaguliwa kulinda mji, kwa hiyo yeye ndiye angetumia roboti mpya.

Shangazi alimwita Kengele mbele. "Haya, sauti unayo. Watambulishe."

Kengele hakungoja kuambiwa mara ya pili. "Wageni wetu, huyu ni Mlinzi wa Lango! Adui akikaribia, anatoka nje ya mji na kuwasambaratisha wote. Hatetereki kilimani, hatetereki bondeni. Hata tetemeko la ardhi likija, yeye atabaki!"

Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amesimama pembeni, ameshika pochi yake kifuani.

"Kuna mtu ameshaicheza?" muuguzi aliuliza. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Mimi mwenyewe," Kengele alijibu. "Siku mbili mfululizo."

"Na langoni inapita?"

"Bila kugusa."

Mchezo ukaanza. Fundi cherehani alinyoosha mkono, akaishika roboti mabegani. "Aah!" Akauvuta mkono haraka. Tone la damu lilimchuruzika kidoleni. "Si kitu, si kitu," alisema, akajifunga kipande cha kitambaa alichokitoa mfukoni, akaishika tena kwa uangalifu.

Aliisukuma kuelekea langoni. Mabega yakakwama. Akaigeuza ubavu. Ngumi zikakwama. Akailaza kifudifudi aipitishe kama gunia. Pembe ikakwama.

"Jamani," muuguzi alisema, "mlinzi wa lango gani huyu asiyeweza kutoka langoni?"

"Labda alizaliwa humohumo ndani," kijana mmoja alisema, na ukumbi wote ukacheka. Mama hakucheka.

"Tusipoteze muda," muuguzi alisema, akikodolea saa macho. "Mpitishe juu ya ukuta, tuendelee."

Fundi aliinua roboti juu ya ukuta, akaitua katikati ya kilima. Ilisimama. Kila mtu alipumua. Zamu ikawa ya muuguzi. Alikusanya dadu zake, akazirusha mezani, tena kwa upole. Roboti ikaanza kuinama. Ikainama, ikainama, watu wakanyoosha mikono, na kabla haijadakwa ikaanguka kifudifudi juu ya safu ya mbele ya askari wa muuguzi. Mkono mmoja wa roboti ukakatika, ukabingirika, ukadondoka chini ya meza.

"Askari wangu!" Muuguzi alijishika kichwa. "Jamani, askari wangu! Mwaka mzima ninawapaka rangi!"

"Kengele," Mama aliita. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kengele alihisi masikio yakiwaka moto. Macho yote yalikuwa kwake. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. "Ameiweka vibaya! Nyumbani ilisimama vizuri. Fundi ndiye aliyeiweka vibaya!"

Fundi cherehani alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Huenda ni kweli," alisema taratibu. "Macho yangu siku hizi si ya kutegemea. Samahani sana, Mama Kengele. Kazi yako yote ile! Nawe muuguzi, unisamehe. Nilishaanza kufikiri kwamba mchezo huu niwaachie vijana. Ngoja niutafute huo mkono."

Akapiga magoti. Akaingia chini ya meza kwa taabu, kidole chake kimefungwa kitambaa chenye damu, akawa anapapasa sakafuni katikati ya miguu ya watu.

Kengele alidhani angejisikia vizuri, kwa kuwa macho ya watu yalikuwa yamemwacha. Haikuwa hivyo. Alizitazama soli za viatu vya yule mzee zikichungulia chini ya meza, na akaona hawezi kuvumilia kuzitazama zaidi.

"Si yeye," alisema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, watu walilazimika kumsogelea ili wamsikie. "Si fundi. Hata nyumbani iliinama. Ilinichoma pia. Langoni sikuijaribu kabisa. Niliiweka juu ya kabati, nikaenda kuruka kamba."

Fundi alitoka chini ya meza akiwa na ule mkono uliokatika. Vumbi lilimjaa magotini. "Afadhali," alisema, na akacheka kidogo. "Kumbe macho bado yapo."

Muuguzi hakucheka. "Mtoto huyu!" alisema, akiokota askari mmoja baada ya mwingine. "Ulitazama, ukaona, kisha ukaja kutuambia hadithi ya tetemeko la ardhi!"

Mama aliwaomba radhi wote. Akavikusanya vipande kwenye boksi, akamshika Kengele mkono, wakaondoka. Walipita duka la viatu, wakapita kituo cha mafuta. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao, Mama alisimama ghafla.

"Nilikuomba kitu kimoja!" alisema. "Sikukuomba uisifu. Wa kuisifu ninao wengi. Nilikuomba uniambie kinachokera. Hivi ni kazi ngumu hiyo? Wewe ambaye wali ukiiva nusu dakika zaidi, mtaa wote unapata habari?"

"Nilitaka kucheza," Kengele alisema huku akilia. "Halafu niliogopa. Ile siku niliposema mkono wa kushoto ni mkubwa, ulikasirika. Nikaona nikisema tena, utakasirika zaidi."

Mama alihamisha boksi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Ulikuwa mkubwa," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Ule mkono. Ulikuwa mkubwa kweli. Niliupunguza ulipokwenda shule." Akaguna. "Na sikukwambia. Haya, twende nyumbani. Mtengeneza kalibu hatatungoja."

Asubuhi iliyofuata Kengele alikwenda kwanza kwa muuguzi kuomba askari waliovunjika ili awagundishe. Muuguzi alimpa, lakini alimwonya mara tatu asiwaguse nyuso. Kisha akaenda kwa fundi cherehani, akamkuta akishona sare ya shule karibu na dirisha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kunichoma kidole kingine?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikusingizia mbele za watu."

Mzee aliacha kukanyaga cherehani. "Ulinisingizia, na ukanisafisha mbele za watu walewale. Limekwisha. Lakini hiyo roboti yenu, mtoto wangu, inakera! Inakera kuliko uzi unaokatika kila baada ya mshono."

"Ndiyo maana nimekuja. Mama anakuomba mchana uje uikasirikie tena."

Siku hiyo karakana haikuwa mahali pa mtu mwenye moyo mwepesi. Mama aliugundisha mkono. Akayapunguza mabega, Kengele akaipitisha roboti langoni, ikapita.

"Inapita," Kengele alisema. Akasita. Akameza mate. "Lakini sasa inafanana na kuku aliyenyonyolewa."

Mama alikunja uso. Chura, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, alirudi nyuma hatua moja. Lakini Mama aliigeuza roboti huku na huku, akasema akiwa ameuma meno, "Ni kweli. Kuku kabisa." Akayarudisha mabega, safari hii akayainamisha chini kidogo, na kila mwiba akausugua kwa msasa hadi ukawa butu.

Ikapita langoni tena, ikapanda kilima, ikaanguka. Kengele aliidaka.

"Bado," alisema.

"Naona!"

Mama aliikomba kifua kwa ndani ili kiwe chepesi, akairefusha miguu kwa mbele. Ikasimama imara, lakini miguu mirefu ikajikwaa kwenye kizingiti cha lango. Mama alitupa kisu mezani, akatoka nje, akazunguka nyumba nzima akiongea peke yake, akarudi, akakiokota kisu. Aliipunguza miguu kwa mbele, akaitanua kwa pembeni. Kengele akaipitisha. Akaipandisha. Chura akaitikisa meza kwa mikono miwili hadi kopo la gundi likaanguka. Roboti haikuanguka.

Mchana fundi cherehani alikuja na kidole chake kilichofungwa. Aliishika mabegani. Akangoja kuchomwa, hakuchomwa. Akaipitisha langoni, akaitua kilimani, akapiga meza kwa ngumi.

"Hapo sawa," alisema.

Jumatatu, Kengele alipotoka shuleni, mtengeneza kalibu alikuwa tayari sebuleni. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka, funguo za gari zikimchezea mkononi.

"Iko tayari?" aliuliza. "Nina safari nyingine, tafadhali."

Mama alimgeukia binti yake. "Iko tayari?"

Kengele aliitazama roboti. Ilikuwa nzuri kuliko zamani, na Mama alikuwa amechoka, na yule bwana alikuwa akitazama saa. Lakini kabla ya kwenda shule alikuwa ameicheza tena.

"Pembe," alisema. "Ukiipitisha haraka, pembe inakwaruza juu ya lango. Kidogo tu. Lakini inakwaruza."

"Jamani, kidogo tu!" mtengeneza kalibu alisema, akiinua mikono juu. "Nani ataona?"

Mama aliguna kwa nguvu hadi jirani akauliza kuna nini. Kisha akakaa, akavuta taa karibu, akachukua kipande cha msasa.

"Keti, bwana, unywe chai," alisema. "Na wewe, mwanangu, njoo hapa. Alhamisi uliponiambia ni nzuri, ulinivika kilemba cha ukoka. Nikakivaa, nikatembea nacho mbele za watu wote, na mzee wa watu akapiga magoti kwa ajili yake. Uongo wa kunifurahisha ulinifurahisha siku mbili tu. Kazi yenye kasoro hainitishi, maadamu bado iko mezani kwangu na kisu kiko mkononi. Ukinipenda, niambie wakati huo. Nitakunja uso, ndiyo. Uso wangu utakunjuka wenyewe. Kasoro haiondoki yenyewe. Lazima kwanza mtu aitaje."

Akapuliza vumbi kutoka kwenye pembe, akamkabidhi Kengele roboti.

"Haya," alisema. "Ijaribu. Kisha useme kweli."